Mbwa Wangu Ana Mimba: Ale Kiasi Gani, na Je, Atembee?

SWALI: Mbwa wangu jike mwenye umri wa miaka 3 ana mimba ya takriban wiki 4, na daktari wa mifugo amekwisha kuithibitisha. Tangu hapo nimemwongezea chakula maradufu, ninampa vidonge vya kalisiamu kila asubuhi, na nimeacha kumtembeza nikihofia mimba isije ikaharibika. Tangu juzi anabakisha nusu ya bakuli. Je, kuna hatari?

JIBU: Kuhusu bakuli, usihofu sana. Katika wiki ya 3 au ya 4 mbwa wengi wenye mimba hupungukiwa na hamu ya kula kwa siku chache, kisha hamu hiyo hurudi yenyewe. Akisusa chakula kabisa siku nzima, au akitapika mara kwa mara, mpeleke kwa daktari. Hata hivyo, kwa kipimo unachompa, huenda ameshiba tu.

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na watoto hukua zaidi katika theluthi ya mwisho. Kwa hiyo chakula cha ziada kinachotolewa mapema hugeuka mafuta mwilini mwa mama, na mbwa mnene hupata taabu zaidi wakati wa kuzaa. Mpapase ubavuni: mbavu zihesabike chini ya vidole bila kukandamiza. Mrudishe kwenye kipimo chake cha kawaida hadi wiki ya 5 iishe, kisha uongeze kama asilimia 10 kila wiki, hata anapokaribia kuzaa awe anakula robo hadi nusu zaidi ya alivyozoea. Wakati huohuo mhamishie polepole kwenye chakula kamili cha watoto wa mbwa, ambacho kina nguvu na protini nyingi katika kiasi kidogo. Siku za mwisho tumbo la uzazi hulibana tumbo la chakula, kwa hiyo mgawie milo midogo 3 au 4, na maji safi yasikosekane.

Kinachonitia wasiwasi hasa ni vile vidonge. Shingoni mwa mbwa mna tezi ndogo ambazo homoni yake huchota kalisiamu mifupani inapohitajika. Mbwa anayepewa vidonge muda wote wa mimba, tezi zake huzembea, na maziwa yanapoanza kuivuta kalisiamu kwa kasi baada ya kuzaa, haziwahi kuziba pengo. Ndipo huja homa ya maziwa: mbwa huhema, hutetemeka, miguu hukakamaa, na asipotibiwa haraka huweza kufa. Mbwa wa aina ndogo ndio huathirika zaidi. Acha kumpa vidonge hivyo leo, umjulishe daktari wako.

Kumfungia ndani nako hakumsaidii, kwa sababu misuli iliyolegea husukuma kwa shida siku ya kuzaa. Mtembeze kwa mwendo wa kawaida mara 2 kwa siku, kwenye ardhi tambarare na nje ya jua kali, na yeye ndiye awe saa yako: akianza kubaki nyuma au akiketi njiani ulimi ukining'inia, geuzeni mrudi nyumbani. Kuanzia wiki ya 6 fupisheni safari, na mkomeshe kuruka, kukimbizana na michezo ya kugombana. Katika wiki 3 za mwisho na 3 za kwanza baada ya kuzaa asichangamane na mbwa wageni, kwani virusi vya herpesi vya mbwa, ambavyo kwa mkubwa huweza kupita bila dalili, huwaua watoto wachanga.