Gesti yangu haionekani Google: nimlipe anayeniahidi namba moja?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina gesti ya vyumba tisa hapa Kange, Tanga, dakika chache kwa miguu kutoka stendi ya mabasi. Mwaka jana kijana mmoja alinitengenezea tovuti kwa WordPress. Nikiandika anwani yake inafunguka vizuri, lakini nikitafuta Google haitokei, iwe nimeandika "gesti Tanga" au hata jina la gesti yenyewe. Bei na huduma zote zimo, kwenye bango zuri alilonichorea. Sasa kuna mtu ananiambia nimpe laki nne na nusu, atanipandisha namba moja ndani ya wiki mbili na kuniwekea viungo elfu moja kutoka tovuti nyingine. Nimlipe?

JIBU: Dada, usimlipe. Hata akishusha bei, usimlipe, na sababu nitakupa. Ila tuanze na tovuti yenyewe, maana umetaja jambo ambalo fundi wa kweli angelishika kabla ya kutaja pesa: haitokei hata kwa jina lake.

Kwenye "hoteli Tanga" utatanguliwa na hoteli za Raskazone na za katikati ya jiji, hilo ni la kawaida. Lakini jina la gesti yako nani anagombea nawe? Tovuti isiyotokea hata kwa jina lake, mara nyingi haimo kabisa kwenye kumbukumbu za Google. Kazi yao ina hatua tatu. Programu yao iitwayo Googlebot hupita kwenye kurasa ikifuata viungo, yaani yale maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine. Kurasa hizo husomwa na kuingizwa kwenye faharasa, yaani orodha yao ya kurasa wanazozijua. Kisha mtu anapotafuta, Google huchagua kutoka kwenye faharasa ipi itangulie. Huyo anayetaka laki nne na nusu anakuuzia hatua ya tatu, na wewe, kwa dalili hizi, umekwama kwenye ya pili.

Hakikisha mwenyewe leo. Fungua Google kwenye simu, andika site: na papo hapo, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yako, kwa mfano site:jinalako.co.tz. Zikitokea kurasa zako, umo ndani, na nitakayosema hapa chini kuhusu maneno ndiyo yatakuhusu zaidi. Isipotokea hata moja, nenda kwenye kompyuta, hata ya stesheneri ya jirani. Fungua ukurasa wako wa kwanza kwa Chrome, bonyeza Ctrl na U kwa pamoja. Utaona maandishi ya kifundi yamejaa, usiyaogope. Bonyeza Ctrl na F, andika noindex. Likiwemo kwenye mstari wenye neno robots, umempata mchawi. Mstari huo unaiambia Google: ukurasa huu usiuweke kwenye faharasa.

Mstari huo ulifikaje hapo? WordPress, ile programu iliyojengea tovuti yako, ina kiboksi kwenye mipangilio, sehemu ya usomaji, karibu na mwisho wa ukurasa, kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiweka alama wakati wa ujenzi ili kazi isionekane ikiwa nusu, na ni jambo la busara. Kasoro ni kukabidhi kazi bila kuiondoa ile alama. Tovuti inafunguka, picha zinapendeza, mteja analipa, na kwa miezi yote hiyo kila ukurasa unaiambia Google ipite isiandike kitu. Hilo la kuondolewa ni la sekunde chache, halina bei ya laki nne.

Tazama pia faili la robots.txt, lenye maagizo kwa programu kama Googlebot; unaliona ukiandika anwani yako ikifuatiwa na /robots.txt. Ukikuta mstari wa Disallow wenye alama ya mkwaju (/) peke yake chini ya User-agent yenye nyota, Googlebot haruhusiwi kupita popote. Mafundi wengine huchanganya hivi viwili. Robots.txt huzuia kupita, noindex huzuia kuorodheshwa. Vikiwekwa vyote pamoja, Googlebot haingii, kwa hiyo haioni hata ile noindex, na anwani yako inaweza kujitokeza kwenye utafutaji ikiwa tupu, haina maelezo.

Ukishaondoa kizuizi, jisajili kwenye Google Search Console, chombo cha mwenye tovuti kuona Google inavyoiona tovuti yake. Ni bure. Watataka uthibitishe kwamba tovuti ni yako. Njia ya uhakika ni kuongeza rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa uthibitisho wanaokupa, kule kampuni iliyokusajilia domeni (lile jina la anwani ya tovuti yako), na watu wao wa huduma kwa wateja wanaijua. Ndani yake kuna chombo cha kukagua anwani: unabandika anwani ya ukurasa, kinakuambia umo kwenye faharasa au haumo, na kama haumo, kwa nini. Jibu lake ni la kuaminika kuliko ule utafutaji wa site: ambao hauonyeshi kila kitu. Hapo hapo utaomba ukurasa uorodheshwe na kuwasilisha ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako, ambayo WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe kwa jina la wp-sitemap.xml. Kisha subiri. Inaweza kuchukua siku kadhaa au wiki kadhaa, na kuomba ukurasa uleule tena na tena hakuharakishi kitu.

Sasa lile bango. Naamini ni zuri, lakini hapo ndipo penye kazi kubwa zaidi kwako. Bei, mahali, namba ya simu, chai ya asubuhi, vyote vimo ndani ya picha. Usitegemee Google ichambue picha na kuitumia kama maandishi ya ukurasa. Wao wenyewe hushauri maneno muhimu yaandikwe kama maandishi. Mgeni naye hawezi kugusa namba iliyo ndani ya picha akapiga, na kama bando lake liko mkiani, bango ndilo la mwisho kufunguka.

Fikiria anayekutafuta ni nani. Ni abiria aliyeshuka Kange usiku, basi limechelewa, yuko chini ya taa za stendi na simu mkononi. Haandiki "malazi ya kifahari yenye utulivu." Anaandika "gesti karibu na stendi ya Kange", "loji Kange bei", labda "sehemu ya kulala Tanga karibu na stendi". Ukurasa wako una lipi kati ya maneno hayo? Tazama kichwa cha ukurasa, yaani yale maneno yanayotokea kama kiungo cha kubofya kwenye Google. Tovuti nyingi ninazoletewa zimeandikwa "Mwanzo", basi. Chako kiwe hivi: "Gesti karibu na stendi ya Kange, Tanga: vyumba na bei". Kisiwe kirefu sana, maana kwenye simu mkia hukatwa. Halafu chini ya picha ya kwanza uandike kwa maneno yako, kwa mfano:

"Tuko Kange, Tanga, dakika tano kwa miguu kutoka stendi ya mabasi. Tuna vyumba tisa, vyote vina choo na bafu ndani, chandarua na feni. Geti linafunguliwa saa zote. Ukifika usiku piga simu, mlinzi atakupokea stendi. Chai ya asubuhi imo kwenye bei."

Badilisha yasiyo kweli. Ongeza bei za kila aina ya chumba, maegesho kama yapo, na kama unapokea malipo kwa simu. Maneno "gesti", "loji" na "nyumba ya wageni" yote yatumie pale yanapokaa vizuri. Usifanye kama wanaoandika "gesti Tanga gesti nzuri Tanga gesti bei nafuu Tanga" mistari mitatu. Google huhesabu hilo kuwa udanganyifu, na msomaji hukimbia. Na akija mtu kukuambia akujazie sehemu iliyofichika ya maneno muhimu kwa ada ndogo, mjibu kwamba Google ilitangaza tangu 2009 kuwa haiitumii kupanga matokeo.

Ukitaka Kiingereza kwa ajili ya wageni wa nje, kiwe na ukurasa wake, wenye anwani yake. Usichanganye lugha mbili kwenye aya moja. Fundi aziunganishe kurasa hizo kwa alama ya hreflang, inayotaja lugha ya kila ukurasa, ili Google ijue ipi ya nani.

Kuna kurasa mbili tatu nyingine ambazo wewe una uwezo wa kuziandika kuliko mtu yeyote wa mbali: namna ya kufika Mapango ya Amboni kutoka Kange, wapi pa kupandia gari la Pangani na njiani kushuka Tongoni kwenye magofu, na kwa anayetoka Mombasa kupitia Horohoro, afikeje kwako. Andika unachokijua kwa kukiishi: daladala ipi, inapakilia upande gani, bodaboda anatoza kiasi gani mchana na usiku. Ukinakili maelezo ya Amboni kutoka tovuti nyingine hujampa mgeni kitu kipya, na Google haina sababu ya kukutanguliza wewe.

Kwa gesti, hata kabla hujamaliza hayo, fungua Google Business Profile, ile inayokuweka kwenye ramani. Nayo ni bure. Google yenyewe inaeleza kuwa matokeo ya ramani huangalia mambo matatu: biashara inavyolingana na kinachotafutwa, umbali wake na anayetafuta, na inavyojulikana. Kwa abiria aliyesimama stendi, umbali ni wako, hoteli ya Raskazone haiwezi kukunyang'anya. Ile pini iweke getini kwako hasa. Nimeona pini zikikaa mtaa wa pili na mgeni anazunguka na mizigo. Huenda wakakutaka uthibitishe kwa video: onyesha mtaa, kibao cha gesti, kisha jifungulie mlango wa mapokezi kwa funguo. Waombe wageni walioridhika waandike maoni, lakini usiwape punguzo kwa ajili hiyo, wala usiwatumie ndugu zako. Vyote viwili haviruhusiwi. Jibu kila maoni kwa heshima, hasa yale machungu.

Picha za simu zipunguze kabla ya kuzipandisha. Picha ya megabaiti nne inaweza kushuka chini ya kilobaiti mia mbili na jicho lisione tofauti. Google husoma tovuti kama inavyoonekana kwenye simu, na kipimo chao ni kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Jipime bure kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya tovuti.

Nirudi kwa yule mtu. Viungo vina thamani, huo ni ukweli wa tangu mwanzo: Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, waliijenga juu ya wazo kwamba ukurasa unaotajwa na kurasa nyingine nzuri una uzito. Ndipo watu wakaanza kuviuza. Mwaka 2012 Google ikaleta badiliko lililoitwa Penguin ili kuzibana tovuti zenye viungo vya namna hiyo, na hadi leo kanuni zao zinakataza kununua viungo ili kupanda. Viungo elfu moja ndani ya wiki mbili, kwa gesti ya vyumba tisa, vinatoka wapi kama si kwenye tovuti takataka? Ukiwa na bahati vitapuuzwa. Usipokuwa nayo, tovuti itaadhibiwa na yeye simu yake haipatikani. Tena Google wamesema wazi hakuna anayeweza kumhakikishia mtu namba moja. Viungo vinavyokufaa ni vya waongoza watalii wa Amboni wanaoweza kukutaja kwenye tovuti zao, na ukumbi wa harusi wa jirani unaoelekeza wageni kwako.

Ukitaka kumlipa mtu, mlipe kwa kazi inayoonekana: akuonyeshe alichobadilisha, ukurasa kwa ukurasa, na umpe ruhusa ya mtumiaji ndani ya Search Console bila kumpa neno lako la siri.

Kwa leo mtumie yule kijana ujumbe huu: "Habari za leo mdogo wangu. Naomba uingie kwenye tovuti uondoe alama inayozuia Google isituorodheshe, na uangalie robots.txt. Naomba pia neno la siri la WordPress, na unijulishe domeni imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini." Hilo la mwisho usiliache. Kama domeni iko kwa jina lake, iombe ihamishiwe kwako mapema, wakati bado mnaelewana na simu yake bado inapokelewa.