Kwa wanagenzi wa dawati letu, kabla hamjamwandika Jeevanjee

Wiki hii nimepokea kwenu taarifa tatu kuhusu A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Bara Hindi, na zote zinasema alianzisha gazeti la East African Standard jijini Nairobi. Hapana, wapendwa. Alianzisha African Standard, Mombasa, mwaka 1902. Aliliuza 1905, wanunuzi ndio wakalibatiza East African Standard, na Nairobi lilihamia 1910. Mmenakiliana, na naona hata koma mmezinakili.

1. Mwaka na jina, hakikisha mara mbili kabla ya kumpelekea mhariri msanifu.

2. Kipande cha gazeti kuukuu si chanzo. Hapa nitakawia, maana hapa ndipo nilipoumia.

Nilikuwa mwanagenzi kama nyinyi. Niliagizwa makala kuhusu Bustani ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, nikafungua faili la vipande, nikakuta kimoja kinachosema bustani ile ni zawadi ya serikali ya kikoloni. Nikaandika hivyo hivyo. Kutoka mezani kwangu hadi bustanini ni mwendo wa dakika kumi, na sikwenda. Kesho yake mzee mmoja alifika mapokezi akiniulizia kwa jina, gazeti amelikunja mara nne, sentensi yangu ameizungushia penseli. Hakufoka. Alinichukua hadi bustanini, tukaketi kwenye benchi, wahubiri wa saa saba wakipaza sauti pembeni na watu wamelala nyasini na viatu chini ya vichwa.

"Mwanangu," akasema, "sadaka ya mtu umempa mwingine."

Akanieleza kwamba Jeevanjee aliitoa 1906 kwa wakazi wa mji. Kwamba 1991 wakuu wa jiji walitaka kujenga hapo maegesho ya ghorofa, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na wenzake kupinga hadi mpango ukafa. "Siku wakirudi," akaniuliza, "wakishika gazeti lako linalosema hii ni zawadi ya serikali, sisi tutashika nini?" Sikuwa na jibu. Makala ilikuwa nusu ukurasa; masahihisho yakatoka mistari mitatu, chini ya matangazo ya vifo. Mzee yule sikumwona tena, na mistari ile mitatu bado ninayo kwenye droo.

3. Msiandike "mfadhili" mkaishia hapo. Fedha zilitoka wapi? Za Jeevanjee zilitokana kwa sehemu kubwa na kandarasi za Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Kampuni yake ilileta vibarua wa reli hiyo kutoka Bara Hindi. Msomaji ana haki ya kuvijua vyote viwili, bustani na vibarua.

4. Makataa si kisingizio.

Taarifa zenu tatu nimezirudisha. Kesho saa saba nitakuwa bustanini, kwenye benchi upande wa Moi Avenue. Njooni na daftari, simu ziacheni mfukoni.