Maswali yenu ya ritani: paswadi ya iTax si ya kuachia mtu wa saiba

Ritani za kodi za mwaka 2025, zile tunazofaili kwa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) kupitia tovuti yake ya iTax, mwisho ni tarehe 30 Juni 2026 na maswali yameanza kumiminika, nimechagua haya manane kwa sababu ndiyo yanaumiza watu wengi zaidi.

Mimi nimeajiriwa na PAYE inakatwa kila mwezi, kwani lazima nifaili tena? (Msomaji, Nakuru)

Lazima. Hili swali nalijibu kila mwaka na kila mwaka linarudi vilevile. PAYE ni pesa mwajiri anakukata na kupeleka KRA kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ritani ni wewe mwenyewe ukitangaza kwamba mwaka mzima nilipata hiki na nikakatwa hiki, hivyo moja haifuti nyingine. Tena kufaili kunakulinda, maana iTax siku hizi inakuonyesha kile mwajiri alitangaza kwa pini yako (namba yako ya kodi). Weka P9 yako, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka mzima, kando ya skrini ulinganishe, na ukipata miezi inapungua jua kuna pesa ilikatwa kwa pesilipu na haikufika, nenda kwa mhasibu wa kazini siku hiyohiyo, usingoje Juni iishe.

Nilipeleka kwa saiba wakanifailia, sasa naomba mkopo naambiwa ritani yangu ni ya nil na mimi nina mshahara. Nifanyeje? (Dada wa Kitale)

Dada yangu, hili ndilo linanikosesha usingizi kila Juni. Mwaka mmoja nilikaa kwa saiba fulani jioni ya tarehe 29 Juni nikingoja kuprinti karatasi zangu, foleni imefika nje kwa ngazi, na kijana pale kwa kompyuta alikuwa anauliza kila mtu vitu viwili tu, pini na paswadi. Hakuuliza P9, hakuuliza unafanya kazi wapi wala kama una nyumba ya kupangisha, anaingia, anachagua nil, anasabmiti, anaprinti risiti, anayefuata. Mama mmoja mbele yangu alikuwa bado amevaa yunifomu ya kazi na beji shingoni, naye akapigiwa nil, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Nilimkimbilia hadi kwa ngazi nikamwambia arudi na P9. Wengine wote waliopita kabla yake walienda hivyohivyo.

Nil ni ya mtu ambaye hakupata kipato chochote mwaka mzima. Wewe uliye na mshahara ukipeleka nil umetoa tamko la uongo kwa jina lako, na KRA tayari wana rekodi ya mwajiri inayoonyesha ulilipwa, kwa hivyo hata si siri. Yule wa saiba hatapigiwa simu, ni wewe.

Kurekebisha inawezekana. Ingia iTax, pale kwa menyu ya ritani kuna mahali pa kurekebisha ritani uliyokwisha kufaili, chagua mwaka wenyewe, ujaze upya kwa kufuata P9. Kwa kawaida una miaka 5 ya kufanya hivyo, lakini usikae miaka 5, fanya wiki hii. Halafu badilisha paswadi. Na uangalie ile barua pepe iliyo kwa akaunti yako kama ni yako kweli, kwa sababu nimeona watu kadhaa ambao saiba iliweka barua pepe yake siku ya kufungua pini, sasa kila ujumbe wa KRA unaenda kwa mtu asiyejulikana na mwenyewe hawezi hata kubadilisha paswadi.

Kama huna kompyuta sisemi usiende saiba, nenda, lakini uketi wewe mbele ya kibodi, andika paswadi mwenyewe, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, na ukimaliza utoke kwa akaunti.

Nilijaza ile fomu ya ritani ya Excel vizuri kabisa na P9 iko sawa lakini inaniambia nina deni la kodi ya mwaka mzima. KRA wanataka nilipe mara mbili? (Msomaji, Machakos)

Hapana, umejaza sehemu F ukasahau sehemu M. F ndiyo ya mshahara uliolipwa, M ndiyo ya PAYE uliyokatwa. Usipojaza M mashine inaona mtu aliyepata mshahara na hakulipa hata shilingi. Jaza zote mbili, angalia pini ya mwajiri isikosewe hata herufi, weka nafuu ya kibinafsi (kiasi kinachopunguzwa kwa kodi yako) ya mwaka ambayo ni 28,800 (si 2,400, hiyo ni ya mwezi na watu wengi huiweka hapo), weka pensheni yako, deni litaondoka au libaki shilingi chache za hesabu kutolingana. Na unayoapload ni ile zip inayotoka baada ya kuvalideti, si Excel yenyewe. Kama huna kipato kingine zaidi ya mshahara achana na Excel kabisa, kuna ritani ya mshahara pekee inayojazwa palepale kwa tovuti.

Nafundisha shule ya kibinafsi mchana na jioni nafundisha chuo. Zote mbili zinanikata PAYE. Nimejaza P9 zote mbili na iTax inasema nina deni la 87,000. Hii ni haki kweli? (Mwalimu, Thika)

Mwalimu, pole sana, lakini hilo deni ni la kweli na nitakuonyesha limetoka wapi kwa sababu najua wengi wako hapo na hawajui.

Umeniandikia kwamba baada ya makato mshahara unaotozwa kodi ni 40,000 shuleni na 25,000 chuoni. Kila mwajiri anapiga hesabu kana kwamba yeye ndiye pekee. Shule inaanza na shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, inayofuata 8,333 kwa asilimia 25, iliyobaki kwa asilimia 30, inatoa nafuu ya 2,400, unakatwa kama 4,383. Chuo nacho kinaanza tena chini, 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, ile 1,000 iliyobaki kwa asilimia 25, kinatoa nafuu ya 2,400 mara ya pili, unakatwa 250. Lakini wewe ni mtu mmoja mwenye 65,000 kwa mwezi, nafuu yako ni moja, na ile 25,000 ya chuo yote inaangukia asilimia 30, yaani 7,500. Umekatwa 250, imebaki 7,250 kila mwezi, zidisha mara 12 ni hizo 87,000.

Kosa kubwa ambalo sasa utashawishiwa kufanya ni kuficha P9 ya chuo ili deni lipotee. Usifanye. Chuo kimeshakutangaza. Faili vile ilivyo kabla ya 30 Juni kisha ulipe kabla ya tarehe hiyohiyo, na kama huna zote kwa mpigo waombe KRA mpango wa kulipa kidogokidogo, maana ukinyamaza unaongezewa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Na leo hii mwandikie mhasibu wa chuo asikupe nafuu ya pili na aanze kukukata kwa kiwango cha juu, mshahara wa jioni utapungua na utauma, lakini Juni ijayo utalala.

Waliobadilisha kazi katikati ya mwaka wao hesabu ni tofauti, lakini P9 zote mbili lazima, ya zamani na mpya. Mwajiri wa zamani akikuzungusha, mwandikie kwa barua pepe ubaki na ushahidi.

SHIF naiweka kwa nafuu ya bima kama tulivyokuwa tunaweka NHIF? (Msomaji, Mombasa)

Hapana! NHIF, ile bima ya afya ya zamani kabla ya SHIF, ilikuwa inakupa nafuu ya asilimia 15. Sheria ilibadilika kuanzia 27 Desemba 2024, sasa SHIF na ada ya nyumba zinatolewa kwa mshahara kabla kodi haijapigwa. Mtu wa 50,000 anatoa NSSF (pensheni ya taifa) 3,000, SHIF 1,375, ada ya nyumba 750, kodi inapigwa kwa 44,875. Ile nafuu ya ada ya nyumba ya 2024 nayo imeondolewa, usinakili ritani ya mwaka jana. Nafuu ya bima imebaki kwa ile bima unalipia mwenyewe, ya maisha, afya au elimu, asilimia 15 ya unacholipa na isizidi 60,000 kwa mwaka, na uwe na cheti kutoka kampuni ya bima. Pensheni kiwango kimepanda hadi 360,000 kwa mwaka, wengi bado wanaandika 240,000 na kujinyima haki yao.

Nina vyumba vinne vya kupangisha, kila kimoja 8,000. Mwaka jana nilipaka rangi na kumlipa mlinzi, natoa hizo gharama? (Mama wa Likoni)

Mama, hautoi. Vyumba vyako vinaleta 32,000 kwa mwezi, 384,000 kwa mwaka, umepita kiwango cha 288,000 kwa mwaka, kwa hivyo uko kwa kodi ya pango ya kila mwezi, asilimia 7.5 ya pango lote ulilopokea bila kutoa rangi wala mlinzi wala fundi wa bomba. Kwako ni 2,400 kwa mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishalipa hiyo imeisha, usiiongeze tena kwa ritani ya mwaka ukatozwa mara mbili, hilo nalo naliona sana. Mwezi ambao chumba kiko wazi unalipa kwa kile ulichopokea tu, lakini unafaili, hata kama vyote vinne viko wazi.

Mteja alinikata asilimia 5 ya kodi kwa kazi ya ushauri. Si nimemaliza? (Msomaji, Nairobi)

Hujamaliza, hiyo ni malipo ya awali. Tangaza kipato chote, hesabu kodi yako, halafu utoe ile asilimia 5 kwa kutumia cheti kilicho kwa iTax yako. Gharama unaweza kutoa, lakini ziwe na risiti za eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki), karatasi iliyoandikwa kwa mkono tangu Januari 2024 haikusaidii. Anza kudai risiti sasa hivi, si Juni.

Nilifungua pini kwa sababu ya mkopo wa masomo wa HELB 2021, sijawahi kupata kazi wala kufaili. Nasikia kuna msamaha? (Kijana wa Kisii)

Kijana wangu, ule msamaha uliisha 30 Juni 2025 na ulihusu miaka ya hadi mwisho wa 2023. Adhabu ni 2,000 kwa kila mwaka uliochelewa (au asilimia 5 ya kodi, ikiwa ndiyo kubwa, lakini kwako hakuna kodi). Wewe ndiye nil iliwekewa. Ingia leo ufaili miaka yote uliyoruka, moja baada ya nyingine, uhifadhi kila risiti, kisha uone deni limefika ngapi. Mwajiri wako wa kwanza akikuomba cheti cha kompliansi (uthibitisho wa KRA kwamba mambo yako ya kodi yako sawa) hatakungojea wiki mbili.

Na uwaambie wenzako wa darasa, kwa sababu mlifungua pini pamoja.