Sanduku la pikipiki: uliza kwanza litavunjikia wapi

Aliyesoma shule ya bweni nchini Kenya analijua sanduku la bati. Langu lilipandishwa juu ya basi Nakuru na kushushwa Kakamega muhula baada ya muhula, miaka minne. Bati lilibonyea, rangi ikabanduka, lakini halikutoboka hata siku moja. Kilichokufa kwanza ni komeo, muhula wa pili tu. Kisha bawaba ya kushoto. Nilipofika kidato cha tatu nilikuwa nafunga mfuniko kwa blada, ule mkanda wa mpira unaokatwa kwenye tyubu, na blada hiyo ndiyo iliyomaliza shule pamoja nami.

Ningelikumbuka hayo nikiwa mtu mzima, nisingechezea pesa zangu kama nilivyozichezea kwenye masanduku ya pikipiki, yale yanayofungwa pande mbili za gurudumu la nyuma.

Siku hizi vijana wanaonunua pikipiki kubwa wananiuliza swali lile lile kabla ya kwenda Turkana au kuzunguka Mlima Elgon: ninunue masanduku ya plastiki au ya alumini? Nami huwarudishia jingine. Likivunjika, litavunjikia wapi, na nani atalitengeneza hapo ulipo? Kwa maana litavunjika. Ukienda mbali vya kutosha kwenye barabara zetu, kila kitu kilichofungwa kwa bolti kitajaribu kujifungua.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyeusi, inang'aa, unabonyeza kitufe kimoja inachomoka mkononi kama begi la ofisini. Hapa Nakuru nilijiona mfalme. Mwaka 2014 nikaondoka nayo Kitale kuelekea Lodwar. Ukishapita Marich, miaka hiyo, lami ilikuwa imebaki vipande vipande kama visiwa, na katikati yake ni murramu iliyojikunja kama mabati ya paa. Nilisikia tak, tak, tak upande wa kushoto, nikasema ni jiwe. Baadaye sauti ikanyamaza, nikafurahi.

Iliponyamaza ndipo sanduku lilipokuwa limeanguka. Niligundua karibu na Kainuk niliposimama kunywa maji. Kabla sijageuza pikipiki nikamwona kijana mchungaji anakuja kwa mwendo wake wa taratibu, sanduku langu kichwani, fimbo mkononi. Nikalikagua. Sanduku lenyewe halikuwa na kasoro ila mikwaruzo. Kilichovunjika ni ulimi wa plastiki wa kile kitufe, kitu kidogo kama kidole gumba changu. Kainuk nzima kulikuwa na mtu wa kuziba pancha, mtu wa kuchomelea vyuma na mama wa chai, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuutengeneza ulimi ule. Tulilifunga sanduku kwa blada na kamba ya katani, likafika Lodwar, likarudi Nakuru. Blada tena.

Nilikasirika nikaenda upande wa pili kabisa. Niliwaendea mafundi wa jua kali karibu na soko la Kibuye, Kisumu, wakanitengenezea masanduku ya chuma cha milimita 1.2, yamechomelewa kila kona, makufuli makubwa kama ya ghala. Mtu angeweza kuruka juu yake. Shida ni kwamba sikupiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Sanduku la sentimita 45 kwa 35 kwa 25 lina ujazo wa lita 39 hivi, na linakula bati la mita mraba 0.7 na kidogo. Kwa chuma cha milimita 1.2 hiyo ni karibu kilo 7 kabla hujatia hata soksi. Kwa alumini ya milimita 2, nene zaidi, ni karibu kilo 4. Zidisha mara mbili, ongeza bawaba, komeo na fremu ya kuyashikia, na utaona jinsi nilivyokuwa nimembeba mtoto wa shule ya msingi nyuma yangu bila kumpa chakula.

Aliyelipa deni hilo ni pikipiki. Nikiteremka kutoka Iten kwenda Bonde la Kerio, kwenye zile kona za Tambach, nilihisi nyuma inacheza kama mkia wa bata. Nikadhani ni upepo wa gurudumu. Kabarnet nikavua kiti, nikakuta fremu ya nyuma, ile inayobeba kiti, ina ufa mahali ambapo masanduku yameshikiliwa. Fundi akaichomelea barabarani. Nikupe ushauri mmoja wa bure hapa: kabla fundi hajagusa pikipiki yako kwa mashine ya kuchomelea, chomoa nyaya zote mbili za betri, na kama unaifikia kompyuta ya injini, ichomoe nayo. Ufa utazibwa kwa dakika kumi. Kompyuta ikiungua utaisukuma pikipiki.

Jozi ya tatu ndiyo niliyo nayo mpaka leo. Fundi mmoja mzee hapa Nakuru ndiye aliyeikunja. Nilimpelekea mchoro wa masanduku nilioupamba kwa rangi. Aliutazama kidogo, akainama kuitazama fremu ya kushikia masanduku niliyokuwa nimekuja nayo, akaitikisa kwa mkono mmoja.

"Kijana, sanduku nitakutengenezea. Lakini hii fremu yako ni ya kubebea maua."

"Mzee, fremu ni sawa, imefika Lodwar."

"Imefika ikiwa imebeba blada."

Nilinyamaza. Tulianza na fremu, na ninaamini kila mtu angeanza hapo. Sanduku ni bati lililokunjwa. Kinachopigwa na barabara mchana kutwa ni vyuma vinavyolishika. Alitumia bomba la duara la milimita 18 lenye ukuta wa milimita 2, la chuma cha kawaida, akalishika sehemu tatu kila upande: mbili juu, moja chini karibu na kikanyagio cha abiria. Halafu akaweka kitu ambacho fremu yangu ya kwanza haikuwa nacho: bomba moja linalopita nyuma ya kibao cha namba ya pikipiki kuunganisha upande wa kushoto na wa kulia. Bila hilo, kila sanduku linajipepea lenyewe, na kila shimo linavuta bolti kama mtu anayeng'oa jino. Ukienda dukani kununua fremu iliyotengenezwa tayari, inama utafute bomba hilo. Kama halipo, rudisha pochi mfukoni.

Kwa nini chuma kwenye fremu lakini alumini kwenye sanduku? Kwa sababu ya mafundi. Kutoka Kapenguria hadi Lokichar utapata watu wa kuchomelea kwa vijiti, na fremu ya chuma ikikatika wataiunga kabla chai haijapoa. Alumini hawataiweza kwa vijiti vile. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ngozi nyembamba ya oksidi inayoifunika haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, kwa hiyo bati linatoboka kabla halijashikana. Panatakiwa mashine ya gesi ya agoni, na mashine hiyo ni ya miji mikubwa. Ndiyo maana nilimwomba mzee asichomelee kona. Alizikunja, akazipiga ribiti na kuweka pembe za alumini nje. Ribiti ikifyatuka, unahitaji drili na koleo la ribiti tu. Na alumini ikibonyea, unaiwekea gogo kwa ndani unaipiga nyundo mpaka mfuniko ukubali kufunga. Kona yangu ya kulia imepigwa hivyo mara mbili. Haipendezi, lakini maji hayaingii.

Nisiionee plastiki. Ni nyepesi, haipigi kelele, ukianguka taratibu inajikunja na kurudi. Hata ikipasuka inashoneka: toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha shona kwa waya kama kina mama wanavyoshona kibuyu kilichopasuka. Ukitaka ya plastiki, nunua. Ila ikatae ile inayoshikiliwa na ndimi ndogo za plastiki peke yake, au mwambie fundi akuongezee mkanda wa kuizungusha.

Sasa upana, jambo ambalo hakuna anayelifikiria dukani. Pima upana wa usukani, kisha pima masanduku yakiwa yamefungwa. Yakiuzidi usukani, utasahau. Mimi nilisahau Jumapili moja, siku soko la Kibuye linapofurika hadi barabarani, nikapita katikati ya matatu na mkokoteni wa ndizi. Usukani ulipita. Sanduku la kulia lilichukua mkungu mzima. Niliulipia, nikala ndizi siku nne. Mara nyingi kinachosukuma sanduku nje ni bomba la moshi. Waweza kumwambia fundi akate kona ya ndani ya sanduku ipishe bomba, uwaachie vidole vichache vya hewa wasiunguzane. Utapoteza lita tatu nne. Zipoteze.

Na mguu. Kwenye laga, ile mito mikavu ya mchanga huko kaskazini, mtu akiyumba huteremsha mguu bila kufikiri. Pikipiki inaendelea mbele, mguu unabaki, na sanduku gumu linakuja kugonga shavu la mguu kwa nyuma. Nimeona mtu aliyevunjika hivyo hivyo. Kaa kwenye kiti, teremsha mguu, mwambie mwenzako asukume pikipiki mbele polepole. Kama sanduku linakugusa kabla hujaunyanyua, lirudishwe nyuma, lakini si mno, maana mzigo ukipita ekseli ya nyuma gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Watu wa mabegi laini watakwambia wao hawana shida hii, na wana haki. Kama safari yako yote ni mchanga, wasikilize. Mimi nusu ya safari zangu ni kusimama Kericho kunywa chai huku pikipiki iko nje, na begi la kitambaa hufunguliwa kwa wembe.

Tukiwa Kericho, tuzungumzie maji. Nilidhani sanduku linalofunga kabisa ndilo bora. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi, Timboroa imepita mita 2,700. Ukifunga sanduku kando ya ziwa na kulifungua kule juu, linapumua fyuuu. Hilo halina madhara. Balaa ni jua la mchana likishalipasha sanduku joto kisha mvua ya saa nane ya Kericho ikalipiga. Hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na inanyonya maji yaliyokaa kwenye ukingo wa mfuniko. Nilikuta kikombe kizima cha maji ndani ya sanduku ambalo halina tundu. Kwa hiyo mfuniko uwe na mdomo unaoshuka chini kupita ukingo, kama mfuniko wa sufuria ya pilau, mpira uwe wa kubadilishika, na nguo ziwe ndani ya mfuko mwingine. Zamani tungetumia karatasi za plastiki za dukani. Tangu marufuku ya 2017 mimi natumia mfuko mzito unaokunjwa mdomo, kama wanaotumia wavuvi kuhifadhia simu, ila mkubwa.

Mfuko huo una kazi nyingine. Alumini ikisuguana na vitu kwa kilomita mia, inatoa unga mweusi. Mama mkwe alinipa kilo mbili za unga wa wimbi pale Busia. Nilipofika nyumbani karatasi ilikuwa imesuguliwa ikatoboka na wimbi limekuwa la kijivu. Mpaka leo hajui. Tandika kipande cha zulia la zamani chini na pembeni, na usiache chupa ya chuma ikicheza peke yake.

Yaliyobaki ni madogo. Mfuniko ufunguke kwa juu, la sivyo viazi vya Molo vitakuaga barabarani. Funguo moja kwa masanduku yote. Kufuli ikikaza kwa vumbi usitie mafuta, yanakusanya vumbi zaidi. Saga risasi ya penseli uipulizie ndani. Bolti zisizoshika kutu zikigusa alumini moja kwa moja penye unyevu zinaila taratibu, utaona unga mweupe. Weka kipande cha tyubu katikati. Nati ziwe za kujikaza, zenye nailoni ndani, na baada ya kilomita 100 za kwanza simama uzikaze tena. Rangi chagua mwenyewe.

Siku ya kuchukua masanduku, nenda na vitu vyako. Nilivipeleka vyote kwa mzee: spana, hema, jiko, nguo. Akavipanga vizito chini na ndani karibu na pikipiki, akaninyang'anya jozi ya pili ya viatu na sufuria moja, akaziweka kando kwenye benchi lake. Kisha akafunga mfuniko, akaketi juu ya sanduku, akaagiza chai. Sufuria sikuwahi kuirudia.