Kabla hujasema vazi lina maana gani

Wewe unayeanza kusoma picha za chapa za Wasimboli, wale wasanii wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 19 waliosema kwa ishara, nianze na kola, maana ndiyo iliyonikwaza mimi. Wiki zangu za mwanzo nilipewa kuandika maelezo ya litografia (picha inayochorwa juu ya jiwe kisha kuchapwa) ya mchoraji wa Norwei, Edvard Munch, ya mwaka 1895, ile aliyojichora mwenyewe: uso mweupe, kola nyeupe iliyosimama, kwingine kote weusi mtupu. Nikaandika kwamba amejivika kama padri. Msimamizi wangu hakubishana. Aliniuliza tu ni mstari upi wa picha unaoonyesha joho. Sikuuona. Kola ngumu nyeupe ilikuwa vazi la kawaida la wanaume wa mijini Ulaya enzi zile. Munch amelizamisha koti katika wino, kola ikabaki peke yake. Upadri niliuleta mimi.

Tangu siku hiyo naandika kwanza kinachoonekana: shingo, nywele, kitambaa, mahali wino ulipokolea na ulipofifia. Maana nazisogeza hadi kesho yake.

Halafu nenda pembezoni. Katika picha hiyohiyo, juu kuna jina na mwaka kama kwenye jiwe la kaburi, na chini umelazwa mkono wa mifupa. Hapo ndipo Munch anapojieleza, kuliko kwenye kola. Mwaka 1896 alimchora mwandishi wa Uswidi, August Strindberg, akazungushia fremu yenye mwanamke uchi na kulikosea jina, akaandika “Stindberg”. Strindberg hakupendezwa, na baadaye fremu na jina vilirekebishwa. Kwa hiyo usitosheke na nakala moja. Hata ule mkono wa mifupa, ziko nakala ambazo umefunikwa kwa wino.

Wakati mwingine nguo haisemi lolote. Mchoraji Mfaransa Paul Gauguin alipomchonga mshairi Stéphane Mallarmé kwenye bamba la shaba mwaka 1891, alimwekea kunguru nyuma ya kichwa na sikio lililochongoka. Mallarmé alikuwa ametafsiri shairi la Mmarekani Edgar Allan Poe kuhusu kunguru, na ametunga lake kuhusu fauni, yule nusu mtu nusu mbuzi. Ukihangaika na koti lake utapoteza mchana mzima.

Aliyenifundisha zaidi ni Eva Mudocci. Alikuwa Mwingereza mpiga fidla, na Mudocci ni jina la jukwaani; ukoo wake ni Muddock. Munch alimchora kwenye litografia zaidi ya mara moja. Katika moja ana bizimu kifuani, na nywele zimetanda hata hujui zinaishia wapi na nguo inaanzia wapi. Katika nyingine ameshika fidla, pamoja na mpiga piano mwenzake, Bella Edwards. Katika ya tatu nywele zake zimekizingira kichwa cha Munch, na picha ikaitwa Salome, yule wa Biblia aliyedai kichwa cha Yohana Mbatizaji. Eva alichukizwa nayo.

Mwanamke ni yuleyule, na ukiuliza “huyu ni nani?” utapata majibu matatu yanayogombana. Uliza nani alimvika. Jina la Kiitaliano alijivika mwenyewe, kwa ajili ya kazi yake. Usalome alivikwa na mchoraji. Kwenye kadi zangu nimeongeza safu ya swali hilo: Salome nimeiandika upande wa Munch, fidla upande wa Eva.