Watoto wa dada wana ratiba, wangu wanacheza tu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza ndizi soko la Mbuyuni, Moshi. Watoto wa dada yangu wa Shanty Town, mtaa wa wenye nafasi hapa Moshi, wana tuisheni, kuogelea na piano. Wangu wakitoka shule wanacheza na binamu zao mpaka magharibi. Dada anasema nawaharibia maisha. Ni kweli? Mama Wawili, Majengo.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huwaharibii hata kidogo. Mwanasosholojia wa Marekani, Annette Lareau, alichunguza watoto 88 wa umri wa miaka 9 na 10 hivi, kisha akafuatilia kwa karibu familia 12, hata walipokwenda kwa daktari. Watoto wa wenye nafasi walipangiwa kila saa. Wa wafanyakazi na maskini walijibunia michezo, wakashikamana sana na ndugu zao. Mwambie dada yako hilo.

Kinachoniuma ni kingine. Wale wenye nafasi walizoea pia kuuliza, kujieleza na kujadiliana na wakubwa, na shule na ofisi huwapa tuzo watu wa namna hiyo. Wenzao walinyamaza. Mapenzi ya wazazi yalikuwa yaleyale!

Kwa hiyo piano isikunyime usingizi. Ukimpeleka mwanao hospitali ya Mawenzi, mwache amweleze daktari mwenyewe anapoumwa. Amuulize mwalimu wa hesabu alipokosea. Sisi tulilelewa tunyamaze mbele ya wakubwa, na adabu ile naipenda mno, lakini mtoto anaweza kuuliza kwa adabu. Na Jumamosi dada awalete wanawe Majengo wacheze.