Maswali Yenu: Nyumba Ikitikisika, Tutoke au Tubaki?

SWALI: Tetemeko la Agosti 12, 2020, saa mbili usiku, lilitutoa wote mbio, na mmoja wetu akateguka mguu. Mzee wa nyumba anasisitiza tusimame kwenye fremu ya mlango. Ni sahihi?
Mama K., Bagamoyo

JIBU: Tunamheshimu mzee, lakini hapana. Fremu haina nguvu kuliko sehemu nyingine za nyumba, na mlango unaobamiza unavunja vidole.

Kama nyumba ni ya tofali za saruji yenye lenta, yaani mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta pamoja, bakini ndani. Piga magoti, ingia chini ya meza imara na ushike mguu wake, kwa maana meza nayo hutembea. Mkono mwingine ukinge shingo. Pasipo meza, jikunyate kando ya ukuta wa ndani, mbali na vioo na kabati la vyombo. Aliye kitandani alale kifudifudi, mto juu ya kichwa. Mtikisiko kwa kawaida hauzidi dakika moja, na wengi huumia wakikimbia: hapo mlangoni ndipo tofali za juu na bati huangukia.

Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, na zile za miti na udongo, zina hesabu nyingine. Boriti zimelala tu juu ya ukuta usiofungwa pamoja. Ukuta ukipanuka, boriti huchomoka na dari yote hushuka. Ukiwa chini, na mlango wa uani uko hatua chache, toka upesi hadi mahali peupe. Ukiwa ghorofani usiguse ngazi.

Mtikisiko ukiisha, vaeni viatu kwanza, maana sakafu imejaa vioo. Kisha gesi. Mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake hupinduka kirahisi, na sufuria ya maharage nayo. Funga valvu, fungua madirisha. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Tokeni, mpige 114 (Zimamoto) mkiwa nje. Tegemeeni mitikisiko mingine.

Halafu tazameni juu: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji. Mnara wake usiwe upande wa chumba cha kulala.

SWALI: Tunakaa karibu na ufukwe. Tungoje tangazo la tsunami?
Msomaji, Tanga

JIBU: Tetemeko likidumu sekunde 20 au zaidi, au likiwazuia kusimama, msingoje. Nendeni kwa miguu kuelekea bara, palipoinuka. Vivyo hivyo maji yakipwa ghafla nje ya saa zake. Huo si wakati wa kushuka mwambani kutafuta pweza. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa linafaa zaidi kwa tetemeko la mbali: la Sumatra, Desemba 26, 2004, lilituletea mawimbi saa kadhaa baadaye. Wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote, kwa hiyo msirudi kuchukua vitu.